Holašovice siku kwa siku: kijiji kilichobadilisha watu mara mbili bila kubadilisha mipaka

Jumanne: Praha hadi České Budějovice

Treni za kusini huondokea Praha hlavní nádraží, kituo kikuu cha mji mkuu. Hadi České Budějovice ni kilomita 169, na treni ya haraka hutumia takriban saa 2. Safari hii ya kwenda Holašovice, kijiji kidogo cha kusini mwa Ucheki, imepangwa ianze Jumanne kwa makusudi. Ngome, monasteri na makumbusho mengi ya Ucheki hufungwa Jumatatu, na yale ya mashambani hufanya kazi hasa kati ya Aprili na Oktoba. Atakayefika Jumatatu ya Novemba ataambulia picha za malango. Fedha inayotumika ni koruna, si euro, na kwenye mabasi ya vijijini ni vizuri kuwa na noti ndogo na sarafu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila 180. Kwa viza hiyo lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na pasipoti itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka.

Treni hupita Benešov, kisha Tábor, mji ambao Wahusi, wafuasi wa mhubiri Jan Hus, waliuanzisha mwaka 1420. Baada ya Veselí nad Lužnicí vilima hupungua na mabwawa ya samaki huanza kuonekana kulia na kushoto. Maji hayo yote yametegwa na watu. Ardhi hii ilikuwa ya kinamasi, haifai kwa ngano, basi kuanzia zama za kati wenye ardhi walijenga tuta baada ya tuta na kufuga samaki aitwaye kapr, ambaye hadi leo ndiye kitoweo cha mkesha wa Krismasi. Kubwa kuliko yote ni bwawa la Rožmberk, upande wa Třeboň, lililojengwa kati ya 1584 na 1590 chini ya Jakub Krčín. Eneo lake la maji ni hekta 489.

České Budějovice ilianzishwa mwaka 1265 na Mfalme Přemysl Otakar II mahali mto Malše unapoingia Vltava. Uwanja wake wa kati ni mraba wa mita 133 kwa 133, na barabara hutoka kwenye pembe zake zikiwa zimenyooka. Aliyechagua eneo alikuwa Hirzo, mtu wa mfalme, na nyuma yake walikuwapo wapimaji waliojua kazi. Kazi ya namna hii ilikuwa na hatua zake: kwanza kupata ardhi isiyofurika, pili kupima uwanja, tatu kugawa viwanja vya nyumba kuzunguka uwanja huo, nne kumwita mlowezi na kumpa miaka michache ya msamaha wa kodi. Ni vyema kuukagua mraba huu kabla ya kwenda kijijini, maana Holašovice imetokana na ufundi uleule, kwa kipimo cha mkulima.

Panda Mnara Mweusi, Černá věž, wenye urefu wa mita 72. Ukitazama kusini-magharibi utaona mlima mmoja wenye mnara wa televisheni kileleni. Huo ni Kleť, mita 1,084. Kijiji kiko magharibi mwa mji, takriban kilomita 15, pale tambarare inapoanza kuinuka kuelekea milima hiyo.

Kabla ya kulala, soma ratiba ya basi na uisome kwa makini. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Juu ya kila saa kuna alama ndogo: nyundo mbili zilizopishana maana yake ni siku za kazi tu, namba 6 ndani ya duara ni Jumamosi, msalaba ni Jumapili na sikukuu. Pembeni huwepo namba nyingine zinazopeleka kwenye maelezo ya chini ya karatasi, na mara nyingi maelezo hayo husema kwamba basi hilo haliendi wakati wa likizo za shule. Mabasi mengi ya vijijini yapo kwa ajili ya wanafunzi. Mgeni anayetazama saa peke yake, Julai, husubiri basi ambalo halitakuja hadi Septemba. Kituo cha kutafuta kimeandikwa Jankov, Holašovice, kwa kuwa kijiji kiko chini ya halmashauri ya Jankov.

Jumatano: Uwanja na viwanja

Ukishuka Holašovice usikimbilie kupiga picha za nyumba. Simama kwanza katikati ya uwanja wa kijiji na uupime kwa hatua. Una urefu wa mita 210 na upana wa mita 70, wote majani, na ndani yake kuna bwawa dogo la samaki, kanisa dogo la mwaka 1755, msalaba wa jiwe na kibanda cha mhunzi. Piga hesabu: ni karibu hekta moja na nusu. Mraba wa České Budějovice ni kama hekta 1.8. Kijiji chenye watu takriban 140 leo kina uwanja unaokaribia ule wa mji mzima.

Ukubwa huo ulikuwa na kazi. Mifugo ilikusanywa hapo asubuhi kabla ya kupelekwa malishoni. Bwawa lilinywesha wanyama, lilifuga samaki na bata, na zaidi ya yote lilikuwa tangi la kuzimia moto wakati mapaa yalipokuwa ya mbao na majani. Kibanda cha mhunzi kiliwekwa katikati, mbali na nyumba, kwa sababu ya cheche. Bwawa la aina hii lina maradhi yake: tope na majani hujaa chini mwaka hadi mwaka, kina hupungua, maji hupata joto upesi kiangazi na samaki hukosa hewa. Dawa yake ni kufungulia maji msimu wa vuli, kuvuna samaki na kuondoa tope. Kijiji kinachoacha kazi hiyo hubaki na dimbwi la mwani.

Kanisa dogo limewekwa chini ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetoswa mtoni Vltava huko Praha mwaka 1393 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1729. Baada ya tangazo hilo sanamu na makanisa yake yalienea Bohemia yote, yaani sehemu ya magharibi ya Ucheki, hasa kando ya madaraja na maji, kwa hiyo kulikuta la 1755 karibu na bwawa ni jambo la kutarajiwa. Ukuta wake wa mbele una kichwa chenye mikunjo mfano wa kengele, na huo ndio mtindo ambao wakulima waliuchukua miaka mia moja baadaye kwa nyumba zao wenyewe.

Sasa geuka utazame viwanja. Nyumba za wakulima ni 23, na ukihesabu mabanda na maghala, majengo yote ni takriban 120. Kila kiwanja ni chembamba upande wa uwanja na kirefu kwenda nyuma. Mbele kuna nyumba ya kuishi, ubavu wake mfupi ukitazama uwanja. Nyuma yake, kwa mstari uleule, hufuata zizi na mabanda. Katikati ni ua. Mwisho wa ua, ghala kubwa la mavuno limelala kwa upana na kuufunga. Nyuma ya ghala ni bustani ya matunda, kisha shamba. Ghala lenye majani makavu liko mbali kabisa na jiko, na miti ya matunda hukinga upepo. Mzunguko huu ukiurudia mara 23, unapata kijiji ambacho kwa nje ni ukuta wa maghala na kwa ndani ni nyuso za nyumba zinazotazamana.

Ukitaka kuuona mpangilio vizuri, toka nje ya kijiji kwa njia ya shambani na ukizunguke kwa nyuma. Wageni wengi hawafanyi hivyo, na kwa maoni yetu wanakosa nusu ya kijiji. Kutoka huko utaona mipaka ya bustani ikikimbia sambamba kama mbavu. Mashambani kwenyewe mipaka hiyo imefutika, kwa sababu vyama vya ushirika vya wakati wa ukomunisti, baada ya 1948, viliunganisha vipande vidogo kuwa mashamba makubwa kote nchini. Katika bustani nyuma ya maghala bado imebaki. Pia pembezoni mwa kijiji utakutana na duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa. Usilipe umri usio wake: lilijengwa mwaka 2008.

Historia ya mahali hapa ni fupi kusimulia na nzito kuifikiria. Mwaka 1292 Mfalme Václav II alikikabidhi kijiji kwa Wasitoo, shirika la watawa Wakatoliki, wa monasteri ya Vyšší Brod, na wakakishika hadi 1848. Kati ya 1520 na 1525 tauni ilikifagia. Walibaki watu wawili. Nguzo ya kumbukumbu bado inaonyesha mahali walipozikwa wafu wa tauni, na inastahili dakika zako kabla ya jambo lolote lenye rangi. Monasteri ilileta walowezi kutoka Bavaria na Austria, na kufikia 1530 hesabu ilikuwa imerudi hadi 17. Kijiji kilichokuwa cha Wacheki kikawa cha Wajerumani, na jina likaandikwa Holschowitz. Hesabu ya mwaka 1895 inaonyesha Wajerumani 157 na Wacheki 19. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wa Chekoslovakia walifukuzwa, takriban milioni 3 kwa nchi nzima, na wa hapa waliondolewa mwaka 1946. Nyumba nyingi zilibaki tupu na kuoza.

Kwa hiyo watu wamebadilishwa mara mbili, kwa ugonjwa na kwa siasa, na viwanja vimebaki vilevile. Sababu ni ya kodi. Bwana wa ardhi alidai kutoka kwenye kiwanja, si kutoka kwa mtu. Malipo yalifanyika mara mbili kwa mwaka katika Bohemia, sikukuu ya Mtakatifu Jiří mwezi Aprili na ya Mtakatifu Havel tarehe 16 Oktoba, na kila shamba lilikuwa na kiasi chake kitabuni, pamoja na siku zake za shokoa. Shamba likigawanywa, hesabu inaharibika. Mlowezi wa Bavaria alipofika mwaka 1530 hakupewa pori achague. Alipewa shamba lililokwisha kuandikwa, na deni lake. Mrithi alikuwa mmoja. Ndugu zake walilipwa fungu lao au waliondoka.

Chakula kijijini ni cha Bohemia kusini: supu, knedlíky (madonge ya unga) zilizopikwa kwa mvuke, nyama, na kapr. Asiyekula nguruwe asome orodha kwa maneno mawili: hovězí ni nyama ya ng'ombe, vepřové ni ya nguruwe. Aulize pia kuhusu sádlo, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia hata kwenye kabichi.

Alhamisi: Kuisoma nyumba moja

Siku ya leo ni ya kuta. Chagua nyumba moja ya mkulima uikalie saa nzima.

Anza na namba. Namba za nyumba zilianza mwaka 1770, wakati wa Maria Theresa, ili kuhesabu wanaume kwa ajili ya jeshi. Ziligawiwa kwa mfuatano wa siku ile, na nyumba zilizojengwa baadaye zilipata namba iliyofuata popote zilipokuwa. Ndiyo maana namba kubwa inaweza kuwa jirani ya namba ndogo. Usitafute nyumba kwa kufuata mfuatano. Tumia ramani ya kijiji. Na iandike namba hiyo kwenye daftari, itakufaa Jumapili.

Mbele ya kiwanja kwa kawaida utaona nyuso mbili za majengo, moja kila upande, na ukuta wenye lango katikati yake. Lango kubwa la tao ni la mkokoteni, mlango mdogo pembeni ni wa miguu. Uso wa upande mmoja ni wa nyumba ya kuishi. Uso wa pili huwa wa ghala la nafaka au wa nyumba ya wazee. Hiyo ya wazee ina utaratibu wa kuvutia. Mkulima akizeeka alimkabidhi mrithi shamba kwa mkataba ulioandikwa, naye akahamia nyumba ndogo ndani ya ua uleule. Mkataba ulitaja atapewa nini kila mwaka: nafaka kiasi gani, maziwa, kuni, pengine ng'ombe mmoja na miti kadhaa ya matunda. Mambo yaliandikwa kwa undani kwa sababu ugomvi ulikuwa wa kawaida, na mzee asiye na karatasi alibaki mikononi mwa mkwe.

Ndani, nyumba imegawanyika mara tatu kwa mstari. Unaingia katikati, kwenye ukumbi. Mbele, upande wa uwanja, ni sebule yenye jiko la kupashia joto, ndiyo chumba cha kula, kufanyia kazi na kulala. Nyuma ni chumba cha akiba. Katika ukumbi, chini ya bomba pana la moshi, palikuwa na jiko jeusi la moto wa wazi, ambamo chakula kilipikwa na nyama ikakaushwa kwa moshi. Baada ya ukumbi na vyumba, chini ya paa hilohilo, zizi huanza.

Rudi nje utazame uso. Nyumba nyingi unazoziona zilipata sura hii kati ya miaka ya 1840 na 1880. Mtindo unaitwa baroko ya wakulima, na umechelewa: baroko ya makanisa ilikuwa imekwisha zamani. Uchelewaji huo una maelezo. Mwaka 1781 Kaisari Josef II aliondoa utumwa wa ardhi, mwaka 1848 shokoa ikafutwa, na mkulima wa hapa kwa mara ya kwanza alibaki na fedha zake. Wakati huohuo kanuni za moto zilikuwa zikimsukuma aache mbao na kujenga kwa mawe na matofali. Fundi aliyejua kupamba kanisa akaitwa apambe nyumba. Juu, katika pembetatu ya paa, utaona mikunjo ya plasta, maua, msalaba, jicho la Mungu ndani ya pembetatu, herufi za mwanzo za jina la mwenye nyumba, na mwaka. Soma mwaka huo kwa tahadhari. Mara nyingi ni mwaka wa kupamba uso, si wa kujenga nyumba. Ukuta wa nyuma, na msingi chini yake, unaweza kuwa wa kale kuliko namba iliyoandikwa juu.

Rangi ni za chokaa: manjano ya udongo, waridi, kijani hafifu, buluu nyepesi. Karibia ukuta na uutazame kwa pembeni. Plasta ya chokaa si bapa. Ina mawimbi madogo ya mkono, na rangi imeingia ndani yake badala ya kukaa juu kama ngozi. Hapa ndipo ukarabati mzuri hujitenga na mbaya. Kuta hizi hazina utando wa kuzuia maji chini. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye plasta. Chokaa huuruhusu utoke. Saruji huuzuia, kwa hiyo maji hupanda juu zaidi, hutafuta njia ndani ya nyumba, na majira ya baridi huganda nyuma ya plasta na kuibandua kwa mabamba. Rangi ya plastiki hufanya hivyohivyo: kwanza malengelenge, kisha maganda. Upande wa zizi huwa mbaya kuliko upande wa sebule, kwa kuwa mkojo wa mifugo wa vizazi vingi umejaza ukuta chumvi, nayo hutoka nje kama unga mweupe na kula plasta mpya.

Fundi anayeijua kazi huondoa saruji hadi juu ya mstari wa unyevu, akiongeza angalau nusu mita. Hukwangua viungo vya mawe, hupiga brashi kavu ili kuondoa chumvi bila kuiyeyusha, kisha huacha ukuta ukauke, hata kwa miezi. Mchanganyiko wake ni sehemu 3 za mchanga kwa 1 ya chokaa iliyolowekwa. Hupiga tabaka nyembamba, lisilozidi sentimita 2 kwa mara moja, kwa kuwa nene hupasuka. Hulinda kazi dhidi ya jua kwa kuinyunyizia maji, maana chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu, si kwa kukaushwa. Na huimaliza mapema, kabla vuli haijaingia. Chokaa changa ikikutana na barafu huwa mchanga mtupu.

Kilichookoa Holašovice ni kupuuzwa. Baada ya 1946 hapakuwa na fedha wala watu wa kubomoa na kujenga upya, wakati vijiji vingine vilipata nyumba za boksi na madirisha mapana. Ukarabati ulianza hasa baada ya 1990. Mwaka 1995 serikali ilikitangaza kijiji eneo la hifadhi, na mwaka 1998 kikaingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu wanaishi humu. Ua ulio wazi si lazima uwe makumbusho; ingia tu palipo na tangazo, na ufunge lango nyuma yako. Julai huwa na sikukuu ya wakulima, yenye masoko ya mafundi uwanjani, na wikendi hiyo kijiji hufurika. Inafaa kwa anayetaka ufundi na ngoma. Anayetaka kuona mpangilio aje siku nyingine, asubuhi.

Ijumaa: Kleť, kukiona kijiji kutoka juu

Kutoka České Budějovice panda treni ya reli ya Český Krumlov na ushuke Holubov. Takriban kilomita 2 mbele ni Krasetín, penye lifti ya viti hadi kileleni. Kwa miguu ni mpando wa karibu mita 400. Upepo mkali ukivuma lifti husimama, basi usiifanye kuwa njia yako pekee ya kushuka.

Njia za miguu zina alama zilizoanza kuchorwa mwaka 1889 na chama cha watembeaji kilichoundwa mwaka mmoja kabla. Alama ni mraba mdogo wa mistari mitatu, nyeupe juu na chini, rangi katikati: nyekundu, buluu, kijani au manjano. Rangi haielezi ugumu. Nyekundu ni njia kuu na ndefu, manjano ni kiungo kifupi. Mabango ya njia panda hutoa umbali kwa kilomita, si kwa saa, kwa hiyo mpando ujihesabie mwenyewe. Ukitembea mita mia tatu bila kuona alama, rudi hadi ya mwisho. Kukata msituni kwa kubahatisha ndiko kunakopoteza watu.

Mlima huu na safu yake, Blanský les, ni wa mwamba mgumu uitwao granuliti, na ugumu huo ndio ulioubakiza juu wakati ardhi ya kaskazini ikitulia na kujaa mchanga na udongo wa mfinyanzi. Holašovice iko mpakani mwa hali hizo mbili: nyuma yake kuna msitu, mawe na kuni, mbele yake mashamba na mabwawa. Mpimaji wa karne ya 13 hakupachagua mahali hapo kwa bahati. Mnara wa mawe wa kileleni ni wa mwaka 1825, wa kwanza wa aina yake nchini, na jirani yake kuna kituo cha kuchunguza nyota cha tangu 1957. Oktoba na Novemba ukungu hulala bondeni kwa siku nzima huku kileleni kukiwa na jua, na siku hizo safu ya Alpi huonekana kusini. Lakini siku hizo kijiji hakionekani, kiko chini ya ukungu. Anayetaka kukiona achague siku ya upepo mwepesi baada ya mvua, mwezi Mei au Juni.

Jumamosi: Zlatá Koruna

Siku fupi. Zlatá Koruna iko mbele ya Holubov kwenye reli ileile, katika pindo la Vltava. Ni monasteri nyingine ya Wasitoo, iliyoanzishwa na Přemysl Otakar II mwaka 1263. Familia ya Rožmberk ilikuwa imeanzisha Vyšší Brod miaka minne kabla, mwaka 1259, na mfalme hakutaka kuwaachia kusini yote. Wahusi waliichoma Zlatá Koruna mwaka 1420, na Josef II aliifunga mwaka 1785. Mtu akishaona mashindano hayo, ataelewa kwa nini kijiji kidogo kilikuwa zawadi yenye uzito. Český Krumlov, mbele kidogo, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1992 na watu wote huenda huko. Nenda jioni, mabasi ya watalii yakishaondoka.

Jumapili: Vyšší Brod, kwa mwenye kijiji

Treni ya asubuhi kutoka České Budějovice kwenda upande wa Linz husimama Rybník. Hapo hubadilishwa kwa reli ndogo ya Lipno, iliyofunguliwa mwaka 1911 ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza, na kituo cha kushukia ni Vyšší Brod klášter. Hakikisha muda wa kubadilisha treni. Ukiikosa ile ndogo utasubiri sana. Jumapili asubuhi kanisa lina ibada, basi ziara za kuongozwa zipange mchana.

Watawa wa kwanza walitoka Wilhering, Austria ya Juu, na uhusiano huo wa kuvuka mpaka ndio uliowarahisishia kuleta walowezi wa Kijerumani baada ya tauni. Maktaba ina vitabu takriban 70,000. Watawa wana pia msalaba wa Záviš wa Falkenstein, mtu wa ukoo wa karibu na Rožmberk aliyeoa mjane wa Otakar na kuuawa kwa amri ya Václav II mwaka 1290 chini ya ngome ya Hluboká. Miaka miwili baadaye mfalme huyohuyo aliwapa watawa hawa Holašovice. Wanazi waliifunga monasteri mwaka 1941, watawa walirudi 1945, wakomunisti waliifunga tena 1950, na ikafunguliwa 1990.

Anayetaka kuwajua watu walioishi kwenye nyumba aliyoitazama Alhamisi asiwaulize watawa. Nyaraka zimehifadhiwa katika hifadhi ya serikali huko Třeboň, na vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na vifo vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Tafuta kwa jina la parokia kwanza, kwa sababu kijiji hakina kitabu chake. Jina litaandikwa Holschowitz, kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao herufi zake e, n na u zinafanana sana. Anza na kurasa za karne ya 19, ambazo zina safu zilizochapwa, kisha rudi nyuma. Kila familia imeandikwa pamoja na namba ya nyumba. Kabla ya 1770 namba hazipo na kinachotajwa ni jina la shamba, ambalo mara nyingi si jina la ukoo wa anayeishi humo: mwanamume aliyeoa kwenye shamba aliitwa kwa jina la shamba. Kwa hiyo ukiona ukoo umebadilika ghafla katikati ya ukurasa, angalia namba. Ikiwa ni ileile, shamba ni lilelile.